Nusu Mbili Kwenye Kisosi

Benchi lile lilikuwa na miguu minne: mitatu ya mti, na wa nne wa matofali mawili yaliyobebana. Lilikaa mbele ya kibanda cha kinyozi, likitazama barabara, na kila asubuhi liliwapokea watu wale wale kwa mpangilio ule ule. Mwisho wa kulia alikaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, apate kuyaona magari yajayo na kuyakosoa kabla hayajapita. Mwisho wa kushoto alikaa Soli, fundi viatu, sanduku la zana miguuni na misumari midogo mdomoni. Katikati yao alikaa Karani, aliyepiga mihuri ofisini kwa miaka ishirini na sita, na ambaye hata sasa hakuliacha jambo lipite mpaka aligonge methali, ifae isifae. Mama Birika alimimina kahawa, na kila maneno yalipopungua aliongeza ya kwake. Lakini Ijumaa hiyo maneno hayakupungua. Yalianza saa moja asubuhi, na chanzo chake kilikuwa kimelala kwenye kisosi cheupe chenye ufa, juu ya stuli: nusu mbili za wembe, kavu, safi, zimefanana kama macho ya paka mmoja.

Mwenye kisosi alikuwa Mkasi, kinyozi mwenyewe, kijana wa miaka thelathini kasoro mmoja, mwenye mikono mitulivu na ndevu zilizofunika uso mpaka karibu na macho, kama nyasi za kiwanja chenye kesi. Alisimama mlangoni, taulo begani, akiwatazama wazee watatu aliokuwa amewanyoa asubuhi hiyo. Mashavu yao yaling'aa kama vikombe vilivyosuguliwa kwa jivu. Alikuwa amewanyoa ili apate jibu, na jibu alikuwa hana.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mkasi alikuwa na mchumba, mwalimu wa chekechea, na juzi mchumba huyo alimpigia simu, sauti imepungua nusu. "Baba amesema," alimwambia, "Jumamosi saa nne atakuja kwako kunyolewa. Anasema: mtu anayemtaka binti yangu ni kinyozi? Vema. Nitampa koo langu kwanza. Akilirudisha zima, tutazungumza. Likitoka tone moja la damu, asisumbuke kututafuta." Mkasi hakuwahi kuwaona wazazi wale, waliokaa upande wa pili wa mji. Alichokuwa nacho ni masanduku mawili ya nyembe, moja la karatasi nyekundu, jingine la karatasi ya buluu, na mwenye duka aliyemuuzia aliyaapia yote mawili kwa kiapo kimoja.

Basi akawaza jaribio. Shavu la kulia anyoe kwa wembe wa aina moja, la kushoto kwa wembe wa aina ya pili, kwa watu watatu, kisha aulize. Wembe wa kinyozi wa kiti hautumiki mzima: hukunjwa ungali ndani ya karatasi mpaka uvunjike katikati, ukilia kidogo kama ukucha, na nusu moja ndiyo huingia kwenye kishikio. Mkasi hatumii nusu moja kwa watu wawili. Alitoa nyembe mbili za kila aina, zikawa nusu nne kwa nne: tatu za wazee watatu, moja ya kubaki. Na ili mkono wake usije ukapendelea rangi, alimwomba Breki azivue karatasi na kuzipanga yeye, aina moja upande wa ufa wa kisosi kwa ajili ya mashavu ya kulia, aina nyingine upande mzima kwa ajili ya mashavu ya kushoto, naye Mkasi ageukie ukuta. Breki alizipanga. Karatasi za nyembe alizichoma kwa kiberiti, kwa usiri. Kisha akaandika pembeni mwa gazeti ipi ni ipi.

— Sasa, Mkasi alisema, upande wa ufa uliweka za rangi gani?

— Niliandika, Breki akajibu.

— Najua uliandika, mzee. Nakuuliza uliweka zipi.

— Kijana, mtu akishaandika, kichwa kinapumzika. Ndiyo faida ya kuandika. Kama ningetaka kukumbuka, ningeandika ya nini?

— Haya, na hiyo karatasi uliiweka wapi?

— Niliitundika kwenye msumari, hapo kando ya kioo. Isipotee.

Mkasi aligeukia kibanda. Kando ya kioo palikuwa na msumari mmoja tu, na kwenye msumari huo hutundikwa vipande vya magazeti vya kupangusia povu la wembe. Kwa miaka minane mkono wake wa kushoto ulikwenda pale wenyewe, ukanyofoa kipande, ukapangusa, ukatupa ndooni, bila kuyaomba macho ruhusa. Aliingia ndani, akainama juu ya ndoo, akarudi ameshika kipande kilicholowa. Palikuwa na mwandiko hapo zamani. Sasa palikuwa na wino uliooga.

— Breki, Soli alisema kupitia misumari, umetundika siri kwenye msumari wa povu?

— Sasa ulitaka niitundike puani kwako?

— Hayawi hayawi, yamekuwa, Karani alisema kwa huzuni.

— Karani, hiyo ni ya harusi!

— Na hapa tunazungumza nini kama si harusi?

Mama Birika akacheka hadi birika likapiga mbizi hewani. Mkasi hakucheka. Nyembe zenye karatasi zilikuwapo bado, masanduku mawili, lakini mashavu ndiyo yaliyokuwa yamekwisha. Ndevu haziwezi kuota kwa saa mbili. Alijikaza, akavuta kigoda, akaketi mbele yao kama mwanafunzi.

— Basi tuiache karatasi. Mashavu yapo. Kila mtu aniambie la kulia lilikuwaje na la kushoto lilikuwaje. Mkikubaliana, angalau nitajua zile za upande wa ufa ni nzuri au mbaya. Mzee Breki, anza.

— Kulia laini, Breki alisema bila kusita. Kama lami mpya. Kushoto palikuwa na mashimo mashimo, wembe unavuta, unaachia, unavuta.

Moyo wa Mkasi ulinyanyua kichwa.

— Mzee Soli?

Soli aliitema misumari kiganjani, maana jambo lilikuwa kubwa.

— Kinyume chake. Kushoto sikusikia kitu. Kulia nilisikia kama mtu anafumua soli na mimi bado nimevaa kiatu.

Moyo ukakiinamisha.

— Karani?

— Mimi, Karani alisema, akajipangusa kidevu polepole kama anayetafuta ukurasa, mimi sikusikia chochote pande zote mbili.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo. Nilinyolewa kama ninayesimuliwa.

Mkasi aliwatazama. Mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja hakuwapo.

— Lakini na nyie, Mama Birika alisema, mikono ni ya mtu mmoja, sabuni moja, maji ya ndoo moja. Mbona mmerudi na habari tatu?

— Yangu ina sababu, Breki alisema. Dirisha.

— Dirisha gani tena?

— Dirisha la lori! Miaka thelathini na moja, shavu hili la kulia liko dirishani. Jua, vumbi, upepo. Ndevu za upande huu zimekata tamaa. Hata ukizinyoa kwa kijiko zinakubali. Hizi za ndani ndizo zilikuwa zinakaa kivulini zinanenepa.

Mkasi alifumba macho.

— Kwa hiyo ulaini wa kulia haukuwa wa wembe.

— Sijasema hivyo. Nasema dirisha lilikuwepo.

— Hapo sasa amenikumbusha, Soli alidakia. Mimi misumari naishika upande wa kushoto wa mdomo. Hapa. Tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi. Sasa fikiria: chuma ndani ya shavu, chuma nje ya shavu. Wembe ulipofika ukaona ah, kumbe ni nyumbani. Ukateleza.

— Soli, uliitoa misumari nilipokunyoa, Mkasi alisema. Niliona.

— Niliitoa, ndiyo. Lakini shavu lina kumbukumbu.

— Mwenye macho haambiwi tazama, Karani alikubali, akitikisa kichwa, ingawa hakuna aliyekuwa ametazama kitu.

— Na wewe Karani? Mkasi aliuliza, sauti imekwaruzika. Wewe hukuendesha lori, hukushika misumari. Kwa nini hukusikia kitu?

Karani alinyoosha kola. Alikuwa wa tatu kunyolewa. Alisubiri benchini huku wenzake wawili wakipita kitini, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa saa nzima.

— Mimi nilifuata taratibu, alisema. Wahenga waliagiza: ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Nikamwona Breki ananyolewa, nikaomba kopo kwa Mama Birika. Nikatia. Nikamwona Soli ananyolewa, nikatia tena. Saa nzima ninatia.

— Maji ya moto, Mama Birika alithibitisha. Yalikuwa ya kuoshea vikombe. Nilidhani anasali.

Mkasi aliinama, akaweka paji la uso kwenye viganja. Ndevu zilizolowekwa saa nzima kwenye maji ya moto zingenyolewa hata kwa ukingo wa barua. Jaribio lake lilikuwa na watu watatu: mmoja kapikwa na jua, mmoja kachanganyika na misumari, na mmoja ametii methali mpaka ameiva.

— Usikate tamaa, bwana, Breki alisema, akimpiga begani. Tutalijua tu. Mimi naona hivi: wembe ni kama breki. Breki mpya zinashika mno, zinarusha abiria. Breki zilizokwisha hazishiki. Breki nzuri ni zile za wiki ya pili. Mnyoe mzee kwa wembe wa wiki ya pili.

— Mzee anakuja kesho. Wiki ya pili nitaitoa wapi?

— Ndiyo maana nasema ungeanza mapema.

— Hapana, Soli alisema, shida si mpya wala kuukuu. Shida ni sauti. Nilisikiliza. Upande mmoja uliimba sss, upande mwingine shhh. Wembe wa sss unakata. Wembe wa shhh unabembeleza. Kesho asikilize kwanza kabla hajanyoa.

— Upande upi ulikuwa wa shhh?

Soli akafikiri.

— Hapo ndipo lori la taka lilipita.

— Jamani, Karani alisema, akanyanyua kidole, na wote wakajua kwamba mambo sasa yatapanda kilimani. Hamjaona kosa liko wapi. Wembe huu Muumba wake kiwandani aliufanya na makali mawili, mapacha, mgongo kwa mgongo. Kijana anauchukua, anaukunja, paa, anawatenganisha. Nusu moja inakwenda usoni kwa Breki, nusu nyingine imebaki sahanini inamngoja ndugu yake. Unategemea itanyoa kwa moyo gani? Ile ya kwanza ina uchungu, inavuta. Ile ya pili imeshakata tamaa, inateleza.

Lilikuwa jambo lisilo na kichwa, na kwa sababu hiyo lilikuwa gumu kulikata shingo.

— Sasa mzee nimnyoe kwa nusu ya ngapi? Mkasi alijikuta anauliza, na papo hapo akajionea aibu.

— Yatima asiye na mwenzie, Karani alisema. Nusu ambayo pacha wake amekwisha fanya kazi na kutupwa. Kama hizo mbili hapo. Elimu haina mwisho.

— Au, Soli alisema, amnyoe kwa mgongo wa wembe.

— Kwa mgongo?

— Sikiliza basi. Mzee amesema nini? Damu isitoke. Amesema ndevu zitoke? Hakusema! Unampaka povu, unapitisha mgongo, povu linaondoka, unampa taulo. Tone la damu halipo. Binti ni wako.

— Na ndevu zikiwa bado zipo usoni?

— Hilo atalijua akifika kwake. Na kwake huko wewe ni mkwe tayari.

Breki alilipenda hilo mpaka kahawa ikampalia. Mama Birika alimgonga mgongoni kwa kiganja kilichojaa masizi, na katika kukohoa kule, na kugongana kule, na Karani kupaza sauti kwamba mtoto akililia wembe mpe, hawakumwona mgeni mpaka aliposema hodi ya pili.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba wa kitambaa uliovimba na uzi mweupe umemning'inia begani bila mwenyewe kujua. Aliwasalimia, Mkasi akasimama kumwamkia, akaitikia kwa upole. Akaomba kikombe cha kahawa. Karani alimsogelea Breki, Soli akavuta sanduku lake, na benchi likapata nafasi ambayo halikuwahi kujua kwamba linayo.

— Nimewasikia tangu kule kwenye kona, mama alisema. Nikadhani ni msiba.

— Bado, Soli alisema. Ni kesho.

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja: kisosi na ufa, dirisha la lori, kopo la maji ya moto, mapacha, baba wa binti na koo lake. Mkasi alitamani ardhi imfunike, lakini mama yule alisikiliza kwa makini, akipuliza kahawa.

— Na huyo mzee wa kesho, aliuliza, ni mkali sana?

— Mkali! Breki alisema. Huyo akiangalia maziwa yanaganda.

— Mnamfahamu?

— Hatumfahamu.

— Mmesikia kwa nani, basi?

Breki alimtazama Soli, Soli akamtazama Karani, Karani akamwelekezea kidole Mkasi.

— Kwa hofu ya huyu, alisema.

Mama aliinamia kikombe. Mkasi alidhani aliona mabega yake yakitikisika kidogo, lakini aliponyanyua uso ulikuwa mtulivu.

— Mimi ni fundi cherehani, alisema. Nyembe ndizo ninazofumulia nyuzi. Naweza kuziona?

— Kuziona si dhambi, mama, Breki alisema, ila hizi ni habari za ndevu. Ndevu si uzi.

— Kweli, kaka yangu. Uzi haujisifu.

Alichukua nusu ya upande wa ufa kwa ncha za vidole viwili, kwa namna ambayo Mkasi aliijua mara moja: namna ya mtu ambaye chuma kimemfundisha adabu. Akauona ule uzi begani, akaunyoosha, akaugusa kwa makali. Uzi ukaachana bila kulalamika. Akachukua nusu ya pili, akafanya vile vile. Uzi ukaachana vile vile.

— Zote zinakata, alisema, akazirudisha kisosini.

— Ahaa! Umezirudisha pale pale? Karani aliuliza kwa wasiwasi.

— Pale pale wapi?

Wote waliinamia kisosi. Nusu mbili zililala sambamba, katikati kabisa, ufa ukipita kando yao kama mto usiohusika.

— Basi, Breki alisema. Hata kile kidogo tulichokuwa hatukijui, sasa hatukijui zaidi.

— Kuna neno moja sijalielewa, mama alisema, na sasa alimgeukia Mkasi. Umewanyoa wazee hawa watatu, umewauliza. Wewe mwenyewe je, mwanangu? Kwenye uso wako, upi ulikuwa laini?

Gari lilipita, Breki hakulikosoa. Soli alitafuta misumari mdomoni, haikuwemo. Karani alifungua kinywa, na methali ikatoka ndogo, karibu kwa kunong'ona.

— Kinyozi hajinyoi.

Ilikuwa ya kwanza siku hiyo kukaa mahali pake, nayo ilimshtua yeye mwenyewe.

Mkasi aligusa ndevu zake. Alizifuga mwaka ule fundi aliyemfundisha kazi alipofunga kibanda na kuhama, kwa sababu hakukuwa na mkono mwingine ambao angeuamini shingoni. Miaka minane. Kwa miaka minane alikuwa amewaambia watu, "Tulia, huu ni laini kama pamba," na hakujua. Alijua mlio wa wembe, uzito wake, pembe ya kuulaza. Hakujua ukifika unakuwaje.

— Sijui, mama, alisema.

— Basi jua leo. Kesho mbali.

— Achukue wenye karatasi! Soli aliruka. Awe anajua ni upi! Mwekundu kwanza!

— Wa buluu!

— Mwanangu, chukua ulio karibu, mama alisema.

Mkasi alichukua nusu moja kisosini, hakutazama ipi, akaingia ndani. Benchi zima lilimfuata, likajazana mlangoni. Mama Birika alikuja na birika lake mkononi. Mkasi alizipunguza ndevu zake kwa mkasi, zikaanguka sakafuni kwa mafungu, na kila fungu lilipoanguka Karani aliguna kama anayeshuhudia ubomoaji wa jengo la serikali. Akajipaka povu. Akaitia nusu ile kwenye kishikio, akasimama mbele ya kioo, akanyanyua mkono.

Mkono uligoma.

Haukutetemeka, uligoma tu, hewani, kwa umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye koo lake. Na hapo, kabla chuma hakijamgusa, Mkasi alisikia kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kumwambia. Ngozi yake yote ilikuwa imejikunja kwa kungoja. Hakujua wembe utatua wapi, ingawa mkono ulikuwa wake mwenyewe. Aliyakumbuka mabega ya watu yaliyokuwa yakipanda kila aliponyanyua kishikio, na yeye akiyashusha kwa kiganja na kusema "tulia," akidhani wanaogopa makali.

Akanyanyua mkono wa kushoto. Akaweka kidole shavuni, pale wembe utakapoanzia, akakiacha kidogo. Ngozi ikalegea. Kisha wembe ukafuata kidole.

Ulivuta kidogo. Kisha haukuvuta. Akasogeza kidole, ukafuata. Chini ya taya, kando ya koromeo, kidole kwanza, wembe baadaye, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Mlangoni hakuna aliyepumua isipokuwa Breki, aliyekuwa na mafua. Alipomaliza, aliosha uso, akapaka shabu ya kukaza ngozi, akageuka.

— Loo, Mama Birika alisema. Kumbe una kidevu.

— Tena cha kugawanyika, Soli alisema kwa mshangao. Mtu nimekaa naye miaka minane!

— Damu? Breki aliuliza.

Hakukuwa na damu. Mama mwenye mkoba alimtazama uso wake mpya kwa muda mrefu kuliko walivyomtazama wengine, akaanzia paji la uso, akateremka taratibu, kama anayesoma barua iliyochelewa.

— Sawa, alisema. Huo uso sasa nimeuona.

Akarudi nje, akamrudishia Mama Birika kikombe, akaweka mkoba begani. Kisha akamgeukia Mkasi, akajigusa chini ya taya lake mwenyewe, upande wa kushoto, karibu na sikio.

— Kesho hapa upite polepole. Pana kovu, ndevu zimelifunika, hutaliona kabla hujalifikia. Nilimkata mimi, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alinichekesha, mkono ukaruka. Tangu siku hiyo hajampa mtu mwingine koo lake, miaka thelathini na miwili, ni mimi tu.

Mkasi alijigusa hapo hapo, chini ya taya lake.

— Na kesho atakuchekesha na wewe, mama aliendelea. Hilo ndilo jaribio lake, ila hatakwambia. Akianza, nyanyua mkono kwanza, ndipo ucheke. Na hicho kidole chako, usikisahau.

— Mama, Mkasi aliuliza, nimnyoe kwa wembe upi?

— Mimi humnyoa kwa nilioutoa kwenye mshono, alisema. Nikiwa nimeuosha.

Akaondoka. Alivuka barabara bila haraka, uzi mweupe uliobaki ukipepea begani, na benchi likamtazama mpaka kona ikammeza.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Karani.

— Sasa subirini. Mzee ni mkali au ni mcheshi?

— Mimi nimepotea kabla ya hapo, Soli alisema. Wembe aliojinyolea kijana ni upi? Wa ufa au si wa ufa?

— Upo kwenye kishikio, ukaangalie.

— Nitaangalia nini, Breki? Zote ni chuma!

— Na ule wa mwaka wa kwanza wa ndoa? Breki alisimama, akaweka viganja mdomoni kama honi. Mamaa! Ule uliomkata mzee, ulikuwa wa karatasi ganiii?

Kona haikujibu.

— Ungekuwa mwekundu, Soli alisema, tungepata pa kuanzia.

— Ungekuwa wa buluu pia tungepata.

— Mimi nasema walikuwa mapacha, Karani alisema, na mmoja alikuwa na kinyongo.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Likatoa machicha, likatoa tone, likatoa pumzi.

— Imekwisha, alisema. Na akili zenu pia.

Ndani ya kibanda, Mkasi alisikia baridi kidevuni, mahali ambapo kwa miaka minane hapakuwa na hali ya hewa. Alinyofoa kipande cha gazeti pale msumarini, akatafuta kalamu ya Breki, akaandika pembeni, kwa herufi kubwa: *taya la kushoto, karibu na sikio, akichekesha, mkono juu kwanza.* Mkono wake wa kushoto, kwa mazoea, ulianza kukirudisha kipande kile msumarini. Akaushika kwa mkono wa kulia. Akakikunja kipande mara nne, akavua kiatu, akakitia ndani, mahali ambapo mkono wa kinyozi hauendi kutafuta cha kupangusia povu.